Karavani ya Tobias

Ukitaka kumjua Cheruiyot, ungemtazama akinunua kitu asichokitaka. Angefika mnadani, akashika kabati, akaligeuza, akapiga goti kulichungulia chini, akasonya, akaondoka zake. Mwenye kabati ndiye aliyemkimbilia nyuma. Hivyo ndivyo alivyojijenga tangu alipotoka Bomet. Alianza kwa kuosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, akaona mgongo hautamlipa, akaingia biashara ya vitu vilivyotumika: magari, friji, vitanda, viti vya kukunja. Viti ndivyo alivyovipenda kupita kiasi. Chumba cha chini cha nyumba yake pale Takoma Park kilijaa viti hadi darini, na mlango wake aliutia kufuli ambalo ufunguo wake haukutoka mfukoni mwa suruali yake. Harusi, matanga, harambee ya kanisa, kila Mkenya wa upande ule wa Maryland alijua viti viko kwa Baba Chebet. Walijua pia kwamba Baba Chebet hatoi kitu bila mazungumzo.

Mazungumzo ndiyo yaliyompa jina kuliko viti. Wakalenjin wana koito, kikao cha wazee wa pande mbili kupatana mahari. Wakishapatana, baba wa binti huchukua siagi akawapaka vijana kwenye paji la uso, na siagi ikishapakwa hakuna wa kurudi nyuma. Marekani ng'ombe hawaonekani na siagi yenyewe hutoka supamaketi, lakini kikao kiko palepale, sebuleni, televisheni imezimwa. Aliyekuwa na kikao kigumu alimtafuta Cheruiyot amsemee, awe Mkalenjin au asiwe.

Hapo ndipo Tobias alipojifunzia kazi. Tobias alikuwa Mluhya wa Bungoma, dereva wa gari la kubeba abiria wa uwanja wa ndege, mcheshi, rafiki yake Cheruiyot wa kufa na kuzikana. Mpwa wake Tobias alipomtaka Wairimu, upande wa msichana ulikuja na mjomba mmoja ambaye kila hoja aliirudisha ilikotoka. Cheruiyot alimvuta Tobias jikoni.

"Huyu usibishane naye," alimwambia. "Mtoe chumbani. Mwambie kwamba mpwa wako anataka kumnunulia suti. Mzungushe madukani, mpimishe hii, mpimishe ile. Usimrudishe mpaka nikupigie."

Mjomba aliporudi na suti yake begani, alikuta wenzake wameshapatana, wanakula. Tobias alikisimulia kisa hicho kila karamu, na kila mara Cheruiyot alicheka kuliko wote.

Mwaka wa 2006 zamu ikafika nyumbani kwake. Chebet, mtoto wake wa pekee, alikuwa amemaliza chuo College Park na kupata kazi ya ofisi mjini, na huko akampata Kojo, kijana wa Kighana ambaye wazazi wake waliishi Columbia Heights. Kikao cha kwanza kilifanyika mwezi wa Mei. Cheruiyot alifanya anachokijua. Alizuia chakula kisitolewe. Alimuuliza mjomba wake Kojo maswali ya ukoo, akarudi akauliza yaleyale kwa kuyageuza, kisha akanyamaza kimya kirefu hadi mgeni wa watu akaanza kujipepea kwa kofia. Mwishowe mjomba alisimama, akaiweka hiyo kofia kichwani, akasema kwao hata anayenunua shamba huombwa aketi apewe maji.

Wakaondoka na njaa yao. Chebet alilia jikoni. Mama yake, Jeptoo, muuguzi wa zamu za usiku, alimnunia mumewe kwa siku nyingi. Alipofungua mdomo alisema tu, "Kina Kojo wanaomba tungoje hadi Agosti."

"Wangoje," alijibu Cheruiyot. "Anayengoja hulegea."

Hazikupita wiki nyingi, Tobias akaja na karavani, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari. Aliiegesha nje ya nyumba, ndefu, nyeupe, ina mstari wa kahawia ubavuni na mlango uliotaka kuinuliwa kidogo ndipo ufunguke. Cheruiyot alitoka, akaizunguka, akapiga magurudumu teke, akainama kutazama sakafu kwa chini.

"Umeibiwa," alisema.

"Nimepewa bure, Mkubwa. Abiria wangu mmoja amehamia Florida."

"Basi wewe ndiye mwizi."

"Mwizi anakualika likizo. Twende nayo kisiwani Chincoteague, kule Virginia baharini. Tunakizunguka kisiwa chote, leo kambi hii, kesho kambi ile, kama Wazungu waliostaafu. Umewahi kupumzika wewe?"

"Nitapumzika nikifa, na hata hapo nitauliza bei ya jeneza."

"Gari langu haliwezi kuivuta mbali hivyo, hata hapa limeifikisha kwa shida. Pikapu lako ndilo linaweza."

Neno hilo ndilo lililomnasa. Angeambiwa tu apumzike angekataa. Aliposikia anahitajika, alikubali. Jeptoo naye hakumzuia. Alimfungia chapati, majani ya chai na sukari, akampigia pasi mashati ya safari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote ya ndoa yao.

"Nenda, Baba Chebet. Ukae na upepo."

Mtu wa mnadani akiona kitu kinasukumwa kwake kwa urahisi namna hiyo hukigeuza atazame kimeoza wapi. Cheruiyot siku hiyo hakugeuza kitu. Aliikunja mikono ya shati lenye pasi, akawasha pikapu.

Waliondoka Alhamisi, wakati redio inatangaza kwamba Ghana imewafunga Wamarekani katika Kombe la Dunia.

"Mjomba wake Kojo Agosti atakuja amevimba," Cheruiyot alisema.

"Tuzungumze habari za samaki," alisema Tobias.

Walivuka daraja refu la ghuba, Tobias amefumba macho kwa hofu ya maji, karavani ikiyumba nyuma yao. Ng'ambo nchi ikalala tambarare: mahindi, mabanda marefu ya kuku, vibanda vya matikiti. Kisha barabara ikapita juu ya kinamasi, nyasi huku na maji kule, ikawamwaga kisiwani.

Kambi ya kwanza ilikuwa chini ya misonobari. Kila familia ilikuwa na karavani yake, taa za rangi mlangoni, mbwa, na viti nje. Viti vile Cheruiyot alivitazama kwa jicho la kazi. Jirani yao, mzee wa Kizungu aliyeitwa Wayne, aliwaelekeza jinsi ya kurudisha karavani nyuma bila kung'oa mti, na jinsi ya kuunganisha maji na umeme.

"Mnakaa hadi lini?" aliuliza Wayne.

"Jumapili," Tobias akadakia. "Lakini kesho tunahamia kambi ile ya ghubani, na keshokutwa ile ya kusini."

Wayne akacheka. "Hapa hakuna anayehama. Kisiwa chote unakiona ukiwa kitini."

Cheruiyot alimtazama rafiki yake. Tobias alikuwa ameinama, anahangaika na mpira wa maji.

Jioni ile walikaa mlangoni kwa karavani. Tobias alikuwa anapasha chapati kwenye jiko la gesi, mbu wa kinamasi wanakula miguu. Pengine ni hewa, pengine ni kukosa mtu wa kubishana naye, lakini Cheruiyot alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema maishani: alitaja bei yake ya mwisho kabla ya kikao.

"Yule kijana nimemjaribu," alisema. "Nilimwita anisaidie kushusha friji, sikumwambia ni mtihani. Alikwenda upande mzito mwenyewe, kwenye ngazi, chini. Hakungoja kuelekezwa."

"Eh."

"Agosti nitaanza kwa ukali, ili mjomba wake ajue amekuja kwa watu. Halafu nitawaachia. Chochote watakachotaja, nitasema ndiyo. Nitachukua siagi nimpake mtoto wangu. Nataka nimwone Chebet atakavyotoa macho. Usimwambie mtu."

Tobias aliacha chapati ikaungua upande mmoja. Moshi ukaingia ndani ya karavani.

"Ni vizuri, Mkubwa," alisema.

Ijumaa walihamia kambi ya ghubani. Walifunga karavani, wakaendesha mwendo ambao chai isingepoa, wakaifungua tena. Walikwenda kuutazama mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe, wakawaona farasi wadogo wa mwituni wamesimama kinamasini, matumbo makubwa, hawana habari na mtu. Cheruiyot aliuliza ni mali ya nani na huuzwa vipi. Tobias hakucheka. Kila mara simu yake ikitetemeka alikwenda kuipokea karibu na mabafu.

"Una mwanamke?" Cheruiyot alimuuliza.

"Mtandao unashika vizuri kule."

Jumamosi asubuhi wakahamia kambi ya tatu. Mawingu yalikuwa mazito, joto linanata. Cheruiyot alisema amechoka kuburuta nyumba kama konokono, warudi Takoma Park. Alikwenda ofisini kwa mwenye kambi kuomba nafuu kwa kuondoka mapema, kazi aliyoifurahia. Mama yule wa kambi alipekua kompyuta yake, akashangaa. Nafasi ilichukuliwa zamani, alisema, tangu mwisho wa Mei, na aliyeichukua alisisitiza kwamba haitafutwa kwa sababu yoyote. Binti mmoja mwenye sauti nzuri, alikumbuka.

Cheruiyot alirudi taratibu, anageuza ufunguo wa kufuli mfukoni. Mwisho wa Mei Tobias alikuwa hajaja na karavani. Na Tobias hakuwa na binti.

Alikuwa bado anapiga hesabu hiyo simu yake ilipolia. Alikuwa Leokadia, jirani yao, Mtanzania wa Bukoba, mke wa Laurean dereva wa basi.

"Shemeji, samahani kukusumbua huko likizoni," alisema Leokadia. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na masufuria. "Ule ufunguo wa viti umeuacha wapi? Vya kanisani havitoshi."

"Viti vya nini?"

"Si vya wageni! Tulitegemea wachache, wamekuja Waghana wote wa mji huu. Wanashangilia mpira mpaka leo. Wazee wamesimama ukutani, aibu."

Cheruiyot alikaa kwenye ngazi ya karavani.

"Mama Chebet yuko wapi?"

"Ndani, kikaoni. Sikutaka kumwita. Laurean anaendelea vizuri, usiwe na wasiwasi. Ametetemeka kidogo mwanzoni, lakini wewe ulifanya jambo la maana kumpa nafasi yako. Tena kuhusu siagi, Shemeji, ni ile ya chumvi au isiyo na chumvi?"

"Isiyo na chumvi," alijibu Cheruiyot. "Ufunguo ninao mimi."

Alifunga simu. Tobias alikuwa amesimama mbele yake na ndoo ya maji, na kwa jinsi alivyoiweka chini polepole ilionekana amesikia.

"Laurean," alisema Cheruiyot. "Mhaya! Mhaya ndiye anayempaka siagi mtoto wangu."

"Mkubwa..."

"Ulinipimisha suti ngapi, Tobias? Hii ya leo ni ya tatu?"

"Mama Chebet aliniomba. Alilia, Mkubwa. Alisema mjomba wake Kojo ameapa, ukiwepo wewe haji tena."

"Na Chebet?"

Tobias alitazama ndoo.

"Nakuuliza Chebet."

"Chebet ndiye aliyetafuta kambi. Kwenye kompyuta, kazini kwake, akazipigia simu. Na karavani ni ya bosi wake, tumeazimwa."

Cheruiyot alitikisa kichwa juu na chini kama mtu anayeonyeshwa bidhaa, anakagua kila upande. Kazi ilikuwa safi. Walimpa sababu ya kuondoka, wakampa kazi ya kuvuta ili asione kama ni hisani, wakampa mtu wa kumchekesha. Yeye mwenyewe asingeipanga vizuri zaidi.

"Sawa," alisema. "Hayo yote nayaelewa. Mtu mgumu hutolewa chumbani. Lakini Alhamisi nilikuambia nini, hapo ukipasha chapati?"

"Uliniambia utawaachia."

"Na simu ulikuwa nayo mfukoni. Ungepiga. Ungemwambia Mama Chebet, mzee amekubali, namrudisha. Kulikuwa na Ijumaa nzima."

"Sikukuamini," alisema Tobias. Kisha akaendelea haraka. "Miaka yote nimekaa ubavuni pako sijawahi kusikia ukitaja bei yako ya kweli. Nilijua umeshtukia, unanitega, unataka nipige simu ili ujue. Nikasema, hapana, leo hanishindi."

"Ulitaka kunishinda."

"Mara moja tu, Mkubwa."

Cheruiyot aliinuka. Alikwenda nyuma ya pikapu, akafungua ndoano, akazungusha mpini hadi karavani ikasimama yenyewe kwenye mguu wake wa chuma. Alichomoa nyaya za taa. Tobias alimfuata huku na huku.

"Nitarudije, sasa?"

"Panda farasi."

"Mkubwa, usiende ukavunja kikao. Kwa ajili ya mtoto."

"Na yale niliyokuambia Alhamisi," alisema Cheruiyot akifunga mlango wa pikapu, "ukimwambia mtu yeyote, mimi na wewe hatujuani."

Aliendesha peke yake na redio imezimwa. Njiani alipanga maneno, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alijua anachohitaji ni sentensi moja tu. Akisimama mlangoni na kusema, sikumpa mtu neno langu, kikao kisingekuwa kikao tena. Siagi ingekuwa mafuta tu kwenye ngozi. Mjomba angechukua kofia yake tena, na safari hii asingerudi. Sentensi yenyewe aliijaribu kwa sauti alipokuwa darajani. Ilikuwa nzuri, fupi, haina pa kushikwa.

Mtaa wake ulijaa magari yenye bendera za Ghana madirishani. Aliegesha mbali, akatembea, akaingia kwa mlango wa mbele.

Sebule ilikuwa imesheheni watu. Nusu yao walisimama, sahani mkononi, wazee wa heshima na vitambaa vyao vya rangi begani wameegemea ukuta. Kwenye kiti chake, kile kikubwa cha ngozi alichokinunua mnadani kwa kusonya tu, alikaa Laurean, mpole, shati limemlowa jasho, vidole vinang'aa mafuta. Jeptoo alikuwa mlangoni kwa jikoni. Alipomwona mumewe alishika fremu ya mlango. Katikati alisimama Chebet ubavuni pa Kojo, na paji lake la uso liling'aa.

Mazungumzo yalizimika kuanzia mlangoni hadi dirishani.

"Shemeji!" Laurean alisema kwa furaha ya kweli, kwa sababu hakujua lolote. "Karibu, karibu kwako!"

"Kwangu," alisema Cheruiyot.

Mjomba wake Kojo aliweka sahani chini. Alikuwa mtu mzima mwenye kusema kwa upole, na sasa alisema kwa Kiingereza cha kikao, kila mtu asikie, "Mzee, tuliambiwa umempa ndugu huyu neno lako. Ndivyo?"

Mlango ulikuwa huo, umefunguliwa wazi na mgeni mwenyewe. Cheruiyot alimtazama Jeptoo. Alimtazama Chebet, ambaye alikuwa ameushika mkono wa Kojo kwa mikono yote miwili. Katika maisha yake ya kupatana na watu alikuwa ameona nyuso nyingi zikingoja jibu lake, na alizifurahia. Uso huu hakuupenda.

"Ndivyo," alisema. "Nilimpa."

Pumzi za watu zilisikika. Mtu akacheka, mwingine akapiga makofi, kelele zikarudi. Cheruiyot alitoa ufunguo mfukoni.

"Wazee hawasimami nyumbani kwangu," alisema. "Viti viko chini."

Alishuka, akafungua kufuli, akaanza kuvitoa. Vijana wa Kighana walipokea mlangoni, mmoja baada ya mwingine. Walipopungua, Chebet aliteremka. Alibaki kwenye ngazi, hakumkaribia. Aliongea Kiingereza, kama kawaida yake, lakini neno la kwanza lilikuwa la nyumbani.

"Baba. Mimi ndiye niliyepanga. Usimlaumu Mama."

"Nimeambiwa. Kambi ya kwanza ilikuwa na mbu."

"Niliogopa. Nilijua ungewafukuza tena." Alifuta paji la uso, akakumbuka, akaacha. "Niambie ukweli. Ungekuwepo leo, ungewakubalia?"

Kuna jambo moja ambalo Cheruiyot hakuwahi kulivunja katika biashara yake: watu wakishapatana na kuachana mikono, yeye hakutaja kamwe bei ambayo alikuwa tayari kuikubali. Mnunuzi akijua, anakwenda nyumbani na ugonjwa.

"Mimi?" alisema. "Ningewakaza mpaka watoke jasho la damu."

Mabega ya Chebet yakashuka. Karibu atabasamu. "Nilijua," alisema. "Nilimwambia Mama." Akapanda juu mbio, kwa miguu myepesi, kama mtu aliyeondolewa shitaka.

Cheruiyot alibeba viti viwili vya mwisho, akawapa wazee wawili waliokuwa bado wameegemea ukuta. Sasa kila mtu alikuwa amekaa. Laurean alimwona amesimama, akainuka kwa haraka kutoka kwenye kiti cha ngozi.

"Kaa hapa, Shemeji. Ni chako."

"Kaa wewe," Cheruiyot alimwambia, akamrudisha kitini kwa kiganja begani. "Leo baba ni wewe. Hujamaliza kazi."

Jeptoo alimletea sahani, ya wali na nyama, amemchagulia mifupa anayoipenda. Aliishika kidogo kabla ya kuiachia, kama aliyetaka aulizwe kitu. Hakumuuliza. Aliipokea, akaenda kusimama karibu na friji, akala hukohuko kwa miguu, mpaka wageni walipoanza kuaga na ikabidi aende mlangoni kuwapa mkono.